Babu alikuwa upande gani? Kusoma picha za zamani za vita pamoja na watoto

Picha za zamani za vita zinatufikia kwenye simu karibu kila wiki. Mara ni askari waliovaa tarbushi wamejipanga mstari, na chini yake mtu ameandika "mashujaa wetu wa Majimaji". Mara ni kijana amesimama juu ya kifaru, maelezo yanasema "Kampala 1979". Au mtoto anarudi na kazi ya Historia, anakufunulia kitabu na kuuliza swali ambalo watoto wote huuliza: "Mama, hawa ni wetu au maadui?"

Wazazi wengi tunajibu kwa kuangalia silaha. Bunduki ya Mwingereza, basi ni askari wa Mwingereza. Kifaru cha Uganda, basi ni mtu wa Amin. Njia hiyo ni ya haraka, na katika vita vya ukanda wetu ndiyo inayopotosha kuliko zote.

Wasomaji wa ukurasa huu wamenizoea kwenye chanjo na lishe. Picha hizi nimeingia kwa mlango wa afya pia. Nilikuwa nazungumza na familia zenye wazee wasiopata usingizi, na katika nyumba moja mkoani Mwanza mazungumzo yakaishia kwenye picha. Nitaifikia. Kwanza tuanze mbali kidogo, Tanga.

Silaha zinazobadilisha mikono

Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi kutoka India kwenye pwani ya Tanga ili kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani. Walishindwa vibaya, wakarudi melini na kuacha mali nyingi nyuma. Wajerumani waliokota bunduki 455, bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000. Kabla ya hapo askari wengi wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani walikuwa na bunduki za zamani za mwaka 1871, zinazotia risasi moja moja na kutoa moshi mzito unaomwonyesha adui mahali mpigaji alipo. Baada ya Tanga, baadhi yao walibeba bunduki za Kiingereza.

Hali hiyo iliendelea kwa miaka minne. Meli za Ujerumani zilizuiwa baharini, kwa hiyo jeshi la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck likawa linaishi kwa nyara. Novemba 1917 lilivuka Mto Ruvuma na kuwashambulia Wareno pale Ngomano, likatoka na bunduki na risasi nyingine. Lilipojisalimisha Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, lilikabidhi bunduki 1,071. Zote zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Kati ya bunduki za rashasha 37, za Kijerumani zilikuwa 7 tu. Mzinga wake pekee ulikuwa wa Kireno.

Fikiria picha iliyopigwa siku ile. Mtu anayetambua bunduki vizuri sana, lakini asiyejua habari hii, angeapa kwamba anaangalia jeshi la Uingereza.

Nyara hazikuwa silaha peke yake. Wajerumani walikuwa na shida kubwa ya kwinini, dawa ya malaria ya wakati ule, na walihangaika kuitengeneza wenyewe kutokana na magome ya miti iliyokuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, kule milima ya Usambara. Dawa ya maji waliyoipata ilikuwa chungu kupita maelezo, wakaipa jina la utani la pombe ya Lettow. Kwa hiyo hata sanduku la dawa linaloonekana kwenye picha ya kambi linaweza kuwa limetoka kwa adui.

Kama bado unataka kuitambua bunduki, na vijana wa sekondari hupenda sana sehemu hii, angalia mambo mawili. Bunduki ya Kiingereza aina ya Lee-Enfield ina kisanduku cha risasi kinachojitokeza chini, mbele ya kifyatulio, na mbao yake inafunika mtutu mpaka karibu na mwisho, hivyo pua yake ni butu. Mauser ya Kijerumani ya mwaka 1898 haina kisanduku kinachojitokeza, na ncha ya mtutu inachomoza wazi. Zote mbili zina mkono wa chuma wa kukokia ulio upande wa kulia. Ukiuona uko kushoto, picha imegeuzwa, pengine na mtu aliyeiskani vibaya, na hata maandishi na vifungo vya koti vitakuwa vimegeuka.

Nguo, na rangi zinazodanganya

Nguo husema zaidi kuliko silaha, kwa sababu bunduki ya adui unaweza kuitumia mara moja lakini sare yake ni hatari kwako mwenyewe: wenzako watakupiga risasi. Hata hivyo jeshi lililoishiwa huvaa kilichopo, kwa hiyo nguo nayo isomwe kwa makini.

Askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani alivaa tarbushi ndefu kiasi, mara nyingi imefunikwa kitambaa cha kaki kinachoshuka shingoni kuzuia jua, na mbele yake ina nembo ya tai. Tafuta huyo tai kwanza. Vuta picha kwenye simu kwa vidole viwili mpaka uone paji la uso. Akiwepo, yale maelezo ya "mashujaa wa Majimaji" yamekwisha. Askari wenye tarbushi na tai ndio waliotumwa kuzima vita vya Majimaji kati ya 1905 na 1907. Hawakuwa wapiganaji wa Majimaji. Ni kosa linalosambazwa kila mwaka, na mtoto akilipeleka darasani atakuwa amewapa waliopigana sura za waliowapiga.

Tarehe nayo ina mtego wake. Picha nyingi za askari hao tunazoziona zilipigwa na Mjerumani Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi hapa kabla ya vita na wakati wa vita, na mkusanyiko wake umo kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani. Baadhi ni za gwaride na mazoezi ya wakati wa amani. Askari wenye nguo zilizopigwa pasi, buti zinazong'aa na mstari ulionyooka hawaelekei kuwa wametoka kutembea porini miezi mitatu.

Halafu rangi. Filamu na vioo vya picha vilivyotumika sana miaka ile havikuona rangi kama jicho linavyoona. Nyekundu ilitoka karibu nyeusi, na bluu ilitoka hafifu kama nyeupe. Kofia nyekundu ikawa nyeusi, kitambaa cha bluu kikaonekana kama kimefuliwa kwa jiki. Ndiyo maana hupaswi kubishana kwa kusema "ona, sare yake ni nyeusi". Zile programu za simu zinazotia rangi picha za zamani zinakisia tu. Zinapendeza, lakini ukishatia rangi usiitumie kama ushahidi, na usiifute picha ya asili.

Kujificha: kuanzia matawi mpaka mabaka

Kaki yenyewe ilianza kama vazi la kujificha. Neno hilo asili yake ni Kiajemi, linatokana na vumbi, na Waingereza walianza kulivaa vazi hilo India katika karne ya 19 ili wasionekane kwenye ardhi kavu. Kaptula za kaki ambazo kaka zetu wamevaa shule ya msingi ni mjukuu wa wazo hilo, jambo ambalo mtoto akiambiwa huangalia nguo zake kwa jicho jipya.

Mfano mkubwa zaidi wa kujificha katika historia yetu uko Rufiji. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilikuwa imeizamisha meli ya Kiingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Ilipotafutwa, ikaingia kwenye mikono ya delta ya Rufiji na kukaa katikati ya mikoko, matawi yakiwa yamefungwa juu ya milingoti yake ili kwa mbali ionekane kama sehemu ya msitu. Waingereza walilazimika kuleta ndege kuitafuta, kisha meli mbili zenye vina vifupi, Severn na Mersey, ambazo nazo zilipakwa rangi ya kijani. Waliiangamiza tarehe 11 Julai 1915. Kwa hiyo ukiona picha ya meli yenye majani juu ya mlingoti, hakuna aliyechezea picha.

Hapo nyara inageuka tena. Wajerumani waliitoa mizinga yote 10 ya Königsberg, wakaisafirisha hadi Dar es Salaam, na kwenye karakana ikawekewa magurudumu ili ivutwe nchi kavu. Waingereza nao waliopoa mizinga ya Pegasus na kuitumia ardhini. Matokeo yake ni picha zinazochanganya kweli kweli: mzinga mkubwa wa meli, umezungukwa na watu wanaouvuta kwa kamba porini, bahari haionekani popote. Familia zinazofika Mombasa zinaweza kuwaonyesha watoto mzinga wa Königsberg na wa Pegasus, yote miwili ikiwa pale Fort Jesus.

Mabaka tunayoyajua leo kwenye magwanda ya jeshi yalienea Afrika baadaye, na wengi hudhani ni kama bendera, kwamba kila nchi ina yake. Baadaye ikawa hivyo kwa kiasi fulani. Lakini miaka ya 1960 na 1970 nguo zilinunuliwa, zilipewa kama msaada, zilinakiliwa na kutekwa. Mabaka ya michirizi ya Wafaransa, yaliyofananishwa na ngozi ya mjusi, yaliigwa na majeshi mengi. Wareno walivaa ya namna hiyo katika vita vya Msumbiji, 1964 hadi 1974. Kwa hiyo nguo yenye michirizi ya mjusi haikutajii nchi. Ikiwa mpiganaji wa FRELIMO ameshika bunduki aina ya G3, ambayo ndiyo Wareno waliyoitumia, una haki ya kushuku kwamba aliitoa mikononi mwao.

Vita vya Kagera na picha ya Mwanza

Picha zilizomo kwenye albamu zetu wenyewe mara nyingi ni za vita vya Kagera, na hapa mambo yanakuwa magumu zaidi kwa sababu pande zote zilitumia vifaa vinavyofanana. Tanzania ilikuwa na vifaru vya Kichina, Type 59, ambavyo ni nakala ya T-54 ya Kisovieti. Uganda ilikuwa na T-55, ambayo ni ndugu wa damu wa hiyo T-54. Libya ilipokuja kumsaidia Amin ilileta T-55 pia. Kwenye picha yenye ukungu, iliyopigwa kwa mbali na kutumwa WhatsApp mara mia, hata mtaalamu atasita.

Kuna vifaa ambavyo havina utata. Uganda ilikuwa na vifaru vya Kimarekani aina ya Sherman vilivyotoka Israeli, na magari ya deraya ya magurudumu manane kutoka Czechoslovakia, OT-64. Ukiona vyombo hivyo, ni vya Uganda. Swali linalobaki ni nani amevipanda, na lini.

Ndiyo swali lililoikuta familia ile ya Mwanza, ambayo imeomba nisiitaje. Mjukuu wa kidato cha tatu alipata picha ya babu yake kwenye bahasha ya vyeti: kijana mwembamba amesimama juu ya gari la deraya la magurudumu manane. Nyuma kuna maandishi ya kalamu ya bluu, "Mutukula 79". Mjukuu ni hodari, alitafuta mtandaoni, akapata jina la gari, akapata nchi iliyokuwa nalo. Akaitupia picha kwenye kundi la ukoo: "Kumbe babu alikuwa jeshi la Amin!" Zikafuata alama za kicheko. Shangazi mmoja hakucheka. Aliuliza kwa nini walifichwa.

Babu hana simu ya namna hiyo. Aliisikia habari hiyo siku ya kikao cha harusi, kutoka kwa shemeji aliyedhani anatania. Binti yake aliniambia kwamba mzee aliweka sahani chini, akaenda kukaa nje, na kwa wiki kadhaa baada ya hapo hakulala vizuri.

Nilimkuta barazani. Baada ya shikamoo na maulizo ya nyumbani, nilimwomba anionyeshe picha kama angependa. Aliishika kwa ukingo.

"Mwanangu, hilo gari tulilikuta limekufa," alisema. "Angalia matairi."

Yalikuwa yamekaa chini, yote ya upande ule. Milango ya juu ilikuwa wazi na kuzunguka kingo zake kulikuwa na weusi wa moto. Hakuna aliyekuwa ndani. Mzee hakuwa amesimama kama dereva wala mpigaji. Alikuwa amesimama kama mtu aliyepanda kichuguu ili aonekane. Majeshi ya Tanzania yaliiteka Mutukula Januari 1979. Yote hayo yalikuwa kwenye picha, na jina la gari liliyafunika.

Kisha akaweka kidole kwenye ukingo wa kushoto, mahali ambapo mimi sikuwa nimeangalia hata mara moja. Palikuwa na mkono wa mtu, umekatwa na mwisho wa picha, umeshika buti lake.

"Huyu alikuwa ananishikilia nisianguke. Tulitoka naye kijiji kimoja. Yeye hakurudi."

Mjukuu alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Hakuna aliyemgombeza. Jioni ile aliomba penseli, na babu akamtajia jina la mwenye mkono, na akaliandika nyuma ya picha chini ya yale maandishi ya bluu.

Kabla hujaandika jina

Penseli laini ndiyo sahihi, wino hupenya. Andika kile unachokijua na nani alikisema: "Mutukula, Januari 1979, gari la Uganda lililotekwa, kwa maelezo ya babu mwenyewe." Mahali usipojua, weka alama ya kuuliza, wajukuu watakaokuja wataielewa. Piga picha pande zote mbili, mbele na nyuma, kwenye mwanga wa kivuli. Ukiituma kwa ndugu itume kama faili, kwa sababu WhatsApp ikiituma kama picha ya kawaida huibana na ule mkono wa pembeni hugeuka ukungu. Na usiikate ili itoshee kwenye wasifu.

Mfundishe mtoto kuanzia pembeni kuja katikati. Kwenye picha za Vita Kuu ya Kwanza, pembeni ndipo walipo wapagazi. Mpiga picha alielekeza kamera kwa ofisa au mzinga, na wao wakaingia kwa bahati mbaya, na blanketi begani na mara nyingi bila viatu. Hawana sare ya kutambua, hivyo wanaotafuta mabaka na bunduki huwapita. Hesabu rasmi za Waingereza peke yake zinataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, wengi wao kwa kuhara damu, malaria, nimonia na chakula kisichopikwa vizuri, si kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na kambi yake ndiyo iliyoiachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi majina yao.

Kwa mzee aliyepigana, muulize faraghani kabla ya kuuliza mbele ya watu. Anza na mambo mepesi: walikula nini, nani alipiga picha, mvua ilikuwaje. Akinyamaza, nyamaza naye. Wazee wengi waliopita vitani hupata ndoto za kutisha, hushtuka kwa milipuko ya sherehe, au hukaa mbali na makundi ya watu, na kumbukumbu iliyoamshwa ghafla huongeza dalili hizo. Zikikaa wiki kadhaa, au akiacha kula, mpelekeni hospitali na mumweleze daktari kwamba aliwahi kuwa vitani. Ni taarifa ambayo familia husahau kuitoa, na daktari bila hiyo atatibu shinikizo la damu peke yake.

Watoto wadogo, chini ya miaka tisa au kumi hivi, waonyeshe nyuso, nguo, meli yenye majani. Picha za maiti zisubiri, hata kama zimo kwenye mkusanyiko uleule, na wewe ndiye wa kuzipitia kwanza.

Jambo la mwisho linahusu vitu vyenyewe. Pamoja na picha, baadhi ya nyumba zimehifadhi kasha la risasi, kofia ya chuma, au ganda la kombora linalotumika kama chombo cha maua au kengele. Vingine huokotwa mashambani. Novemba 2017 katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara mkoani Kagera, wanafunzi waliuawa na wengine wengi kujeruhiwa na bomu la mkono lililookotwa kama chuma chakavu. Kitu chochote cha kijeshi usichokijua kisisafishwe, kisigongwe, kisihamishwe, na kisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma. Ondoa watoto, weka alama kwa mbali, toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi kwa namba 112. Ukitaka kukipiga picha ili uwaonyeshe, piga ukiwa mbali.